Anayekunywa Asilewe Ndiye wa Kuangaliwa

Kuna sifa moja hutolewa kwa heshima kubwa mezani: "Huyu bwana anakunywa halewi." Wenzake wameshalegea na sauti zimepanda, yeye bado anahesabu chenji sawasawa na kuomba ya mwisho. Nikisikia sifa hiyo humhofia mtu huyo kuliko yule aliyelala juu ya meza baada ya bia mbili. Mwili unaohitaji chupa nane ili ufike pale ulipokuwa ukifikishwa na tatu umeshajirekebisha kuishi na pombe. Siku pombe ikikosekana, mwili huohuo hudai.

Tunapotoshwa na picha tuliyo nayo ya mlevi: mtu wa gongo, nguo chafu, kalala mtaroni. Kwa picha hiyo mhasibu anayepitia grosari kila jioni "kutoa uchovu" anajiona salama, na mama anayefungua mvinyo jikoni watoto wakishalala hajihesabu kabisa. Tena mwanamke akizidisha huficha zaidi, maana akijulikana jamii humsema mara mbili ya mwanamume.

Madaktari wanaofuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani hawaangalii nguo wala bei ya kinywaji. Wanatafuta mambo matatu. La kwanza ni kushindwa kujizuia: ulipanga mbili, umeondoka baa inafungwa, na hivyo ndivyo inavyokuwa karibu kila mara. La pili ni pombe kupewa nafasi ya mbele: ada ya mtoto inasubiri, kikao cha ukoo kinaahirishwa, dozi ya presha inarukwa, lakini kinywaji hakirukwi. La tatu ni mwili wenyewe, yaani kuhitaji kingi zaidi kuliko zamani, au kutetemeka, kutokwa jasho na kukosa usingizi usipokunywa. Mawili kati ya matatu hayo yakidumu kwa miezi, unaongelea uraibu, hata kama hujawahi kuanguka njiani.

Hesabu kwanza, ubishi baadaye

Usianze kwa kujiuliza kama wewe ni mlevi. Swali hilo lina aibu ndani yake na jibu lake linajulikana kabla halijaulizwa. Anza na hesabu.

Kipimo kinachotumiwa na Shirika la Afya Duniani ni gramu 10 za kilevi halisi. Bia ya kawaida ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, kwa hiyo chupa moja ni vipimo viwili. Chupa ndogo ya pombe kali ya mililita 200 yenye asilimia 35 ina gramu 55 hivi, karibu sawa na bia tatu, ingawa inaingia mfuko wa shati. Ile ya mililita 250 ambayo Nairobi huitwa kwota, ikiwa na asilimia 40, inakaribia bia nne. Tanzania ilipiga marufuku viroba vya plastiki Machi 2017, na Kenya ilishafanya hivyo kabla yake, lakini ukubwa wa chupa iliyobaki sokoni bado unamdanganya mtu anayehesabu "nimekunywa moja tu."

Vinywaji vya kienyeji kama mbege, ulanzi, busaa na mnazi havina lebo. Nguvu yake hubadilika kadiri vinavyokaa. Mnazi wa asubuhi si wa jioni. Hapo hesabu kata au lita, andika na saa uliyoanza na uliyomaliza, inatosha. Gongo na chang'aa ni habari nyingine, kwa sababu huwezi kujua kama kuna methanoli ndani. Ukiona ukungu machoni baada ya kunywa, hata kama ni siku ya pili, hiyo ni safari ya hospitali wakati huohuo na si ya kulala ipite.

Namna ya kuhesabu bila kujidanganya: weka vizibo mfukoni, vihesabu asubuhi. Aliyezoea ofa na raundi hawezi kutegemea bili, maana bili haioneshi alichonunuliwa. Kisha fungua taarifa ya miamala ya simu ya mwezi uliopita, tafuta malipo ya baa na grosari, ujumlishe. Fanya hivi kwa wiki nne za kawaida, usiwe umechagua mwezi uliokaukiwa.

Ukishapata idadi, itumie kwenye dodoso la maswali kumi liitwalo AUDIT, lililotengenezwa na Shirika la Afya Duniani mwishoni mwa miaka ya 1980 na ambalo limetumika hospitalini kwetu kwa Kiswahili. Linauliza unakunywa mara ngapi, kiasi gani, na mara ngapi unafikisha vipimo sita kwa mkao mmoja. Vipimo sita, kumbuka, ni bia kubwa tatu tu. Wengi hushtuka hapo. Linaendelea: je, ndani ya mwaka mmoja uliopita umeanza ukashindwa kuacha? Umeshindwa kufanya lililotarajiwa kwako? Umehitaji kinywaji asubuhi ili usimame vizuri? Umejuta? Umeamka usikumbuke ya jana? Kuna mtu ameumia kwa sababu ya kunywa kwako? Ndugu, rafiki au daktari amekushauri upunguze? Kila swali lina alama 0 hadi 4. Ukifika 8 unywaji wako tayari una hatari. Kwa wanawake na waliozidi miaka 65 ni vyema kuanza kujali kwenye 7. Alama 16 hadi 19 zinahitaji ushauri nasaha na kufuatiliwa, na 20 kwenda juu zinahitaji daktari akuchunguze uraibu.

Katika kumi hayo, mimi hulitazama zaidi lile la asubuhi. Watu wa Dar husema wanazimua, wa Nairobi wanatoa loki, na wote hucheka. Kuzimua mara moja baada ya harusi ni ujinga wa siku moja. Kuzimua kila Jumatatu, ili mkono ushike kalamu, ni mwili unaotibu upungufu wa pombe kwa pombe.

Mwezi mkavu, na unachosema

Kwa mtu asiyetetemeka asubuhi, kipimo kizuri ni kukaa siku 30 bila tone. Wengi wetu tunakifanya tayari bila kukiita kipimo. Kuna wanaoacha Kwaresima nzima, na wapo wanaovunja jungu mwishoni mwa Shaabani kisha hawagusi hadi Idi. Halafu hutamba: "Ningekuwa mlevi ningeweza?" Kuweza kuacha kwa mwezi ni jambo jema, ila halitoshi kuwa ushahidi. Angalia ulivyoishi ndani ya mwezi huo. Ulikuwa unahesabu siku zilizobaki? Hasira zilikuwa za nani, zako au za watoto? Na ilipofika Pasaka au Idi, je, ulirudi kwenye mbili ulizoahidi au ulilipiza mwezi mzima kwa wikendi moja? Anayelipiza amepata jibu lake.

Ukitaka kupunguza na si kuacha, fanya mambo yanayobana mkono badala ya kutegemea nia. Kula kwanza, nyumbani, chakula kizito. Fika umechelewa, maana saa ya kwanza ndiyo yenye raundi za haraka. Lipa chako mwenyewe na ukatae ofa. Ofa ni deni, nawe utalilipa kwa kubaki. Weka maji au soda kati ya kila chupa. Acha kadi nyumbani na utoe taslimu ya idadi uliyopanga, nauli iwe mfuko mwingine. Panga siku tatu au nne za wiki zisizo na pombe kabisa, na zijaze kitu, kwa sababu saa kumi na mbili jioni isiyo na kazi hukuvuta kuelekea kulekule.

Supu ya kongoro, maziwa, kahawa nzito na kuoga maji baridi havitoi pombe mwilini. Ini hufanya kazi kwa mwendo wake, takriban kipimo kimoja kwa saa. Aliyekunywa bia sita kubwa hadi saa saba usiku bado ana pombe kwenye damu anapoendesha gari kwenda kazini alfajiri.

Usiache ghafla ukiwa unatetemeka

Hapa ndipo penye hatari ambayo watu wengi hawaijui, hata wanaompenda mnywaji. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa miezi au miaka akikata ghafla anaweza kufa kwa kuacha. Kutetemeka, jasho, mapigo ya moyo kwenda mbio na kichefuchefu huanza kati ya saa 6 na 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege, kama la kifafa, hutokea zaidi ndani ya saa 48 za mwanzo. Kuanzia siku ya pili hadi ya nne wengine huweweseka, huona wadudu ukutani au watu wasiokuwepo, hupandisha homa. Nyumbani hali hiyo huitwa pepo au kurogwa, na mgonjwa hufungiwa chumbani au hupelekwa kuombewa usiku kucha. Maombi na yaendelee, lakini yaendelee akiwa kitandani hospitalini. Kule atapewa dawa ya kutuliza ubongo, mara nyingi diazepam, kwa kipimo kinachopunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1 ambayo wanywaji wengi hupungukiwa na ambayo hulinda ubongo.

Kwa hiyo kanuni ni hii: ukiwa unatetemeka asubuhi, umewahi kupata degedege ulipoacha, au una mimba, kisukari au kifafa, usikate peke yako. Ikiwa hospitali iko mbali, punguza kidogo kidogo kwa siku kadhaa, ule na unywe maji, huku safari ya kumwona daktari ikipangwa. Diazepam ya kununua duka la dawa na kumeza juu ya pombe huweza kuzima pumzi, usijaribu.

Hata asiye na uraibu ana hesabu ya kulipa. Pombe iliwekwa kwenye kundi la visababishi vya hakika vya saratani mwaka 1988, na huhusishwa na saratani za mdomo, koo, umio, ini, utumbo mpana na matiti. Hupandisha presha. Kwa mwenye homa ya ini aina B, ambayo kwetu si adimu, huharakisha ini kuingia makovu. Isoniazid ya kifua kikuu na panadol ya kutuliza hangova zote hupita kwenye ini lilelile. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani lilisema wazi kwamba hakuna kiwango cha pombe kisicho na madhara kwa afya. Basi ukienda kupima, omba presha, vipimo vya ini na cha homa ya ini B kwa pamoja.

Kwa wa nyumbani

Usiongee naye akiwa amelewa. Asubuhi hatakumbuka, nawe utakuwa umeishiwa maneno. Subiri mchana, watoto wasiwepo, useme ulichokiona na si alivyo. "Baba Neema, jana ulirudi saa nane, Neema alikusubiri mpaka akalala kwenye kochi. Ijumaa iliyopita ilikuwa vilevile. Nataka twende wote kwa daktari." Maneno hayo yana mahali pa kushika, tofauti na "wewe ni mlevi." Acha pia kumpigia bosi simu ya uongo kwamba ana malaria, kwa sababu kila uongo kama huo humnunulia wiki nyingine ya kunywa.

Na tafadhali sana, ule unga wa kuacha pombe unaouzwa mitaani na mitandaoni, wa kumwekea mtu kwenye chai bila yeye kujua, usiuguse. Hujui kilichomo. Zipo dawa halali zinazomfanya mtu augue vibaya akinywa, kama disulfiram, lakini hutolewa na daktari kwa mgonjwa aliyekubali na aliyepimwa moyo na ini. Ukimpa kwa siri, akaenda baa, presha inaweza kushuka na moyo ukashindwa.

Msaada upo karibu kuliko watu wanavyodhani. Hospitali nyingi za mkoa na za rufaa zina kliniki ya afya ya akili inayotibu uraibu wa pombe. Dodoma ipo Mirembe, Nairobi ipo Mathari. Nyumba za upataji nafuu zipo pia, lakini kabla ya kumpeleka mtu uliza kama imesajiliwa na kama kuna mtaalamu wa afya anayempokea siku za mwanzo za kutetemeka. Ukikuta wanaofunga watu minyororo, ondoka naye. Kenya, simu ya NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192 na haitozwi. Popote ulipo, mwambie daktari idadi kamili ya chupa za wiki na saa ya kinywaji cha mwisho. Usipunguze hata moja, maana dozi atakayokuandikia inategemea idadi hiyo.