Kusoma Kiingereza kwa Macho, Masikio na Mikono

Katika shule nyingi za msingi za Serikali hapa Tanzania, mtoto hufundishwa kwa Kiswahili, na Kiingereza ni somo moja tu kati ya mengine. Aingiapo Kidato cha Kwanza mambo hugeuka: biolojia, jiografia na hesabu zote ni kwa Kiingereza. Asiyeweza kuisoma lugha hiyo hupotewa na masomo hayo yote kwa pamoja, wala si kwa ujinga wake.

Taabu ya kwanza ni herufi. Kwa Kiswahili, a ina sauti moja siku zote. Kwa Kiingereza, a ya "cat" si a ya "cake", wala si ya "call". Na k ya "knife" huandikwa lakini haitamkwi. Taabu ya pili ni maana. Mwanafunzi aweza kutamka ukurasa mzima asielewe habari yake.

Dawa yake ni ya zamani. Mwaka 1658 mwalimu Comenius alitoa huko Nuremberg kitabu cha picha cha kuwafundisha watoto Kilatini na Kijerumani. Vitu vya pichani vilitiwa namba, na namba zile zile zikawekwa penye majina yake katika maandishi.

Nasi twaweza kufanya vivyo hivyo bila fedha nyingi. Tuseme somo ni sehemu za mmea.

1. Ng'oeni mche wa mharagwe pamoja na mizizi yake. Kila mmoja aushike.

2. Mwalimu ataje "root", "stem", "leaf", nanyi mfuatishe. Akiwa na simu, arekodi sauti ili isikilizwe tena.

3. Andikeni majina hayo juu ya vipande vya boksi, mkafunge kila kipande mahali pake.

4. Viondoeni, mvichanganye, kisha mvisome na kuvirudisha.

5. Sasa someni habari ya mmea kitabuni. Mwisho kila mtu achore mche na kuandika majina bila kutazama.

Hatua ya nne isirukwe, kwa sababu mwenye kutazama kitu daima hukisia neno bila kusoma herufi zake. Tena yako maneno yasiyo na picha, kama "although"; hayo yataka sentensi za mfano na maelezo ya Kiswahili.

Wenzangu wa Kidato cha Nne, wadogo zetu tunao bwenini. Wanyamazapo darasani tusiwacheke. Tukae nao saa ya kujisomea, na mche wetu na vipande vya boksi, ili wao nao wapate kusoma wenyewe.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne