Kazi ya mhudumu wa dharura: matibabu huanza pale mgonjwa alipoangukia

Baada ya kusoma somo hili utaweza:

- kueleza mhudumu wa dharura ni nani na mipaka ya kazi yake;
- kutofautisha kumbeba mgonjwa na kumhudumia;
- kutaja hatua tano anazofuata mhudumu anapomfikia mgonjwa;
- kufanya yale yanayowezekana nyumbani kabla gari halijafika.

1. Mhudumu wa dharura ni nani?

Gari la wagonjwa linapopita, wengi wetu tunamwona dereva tu. Lakini nyuma, kando ya machela, kuna mtu mwingine ambaye yuko kazini tangu gari lilipofika nyumbani kwa mgonjwa. Huyo ndiye mhudumu wa dharura. Yeye si daktari. Ni mtu aliyefundishwa kumfikia mgonjwa pale alipo, kutambua kitu kinachoweza kumwua kwanza, kukizuia kadiri anavyoweza, na kumfikisha kituoni akiwa hai.

Nchini Marekani, ambako kazi hii ina ngazi zilizopangwa vizuri, mtu huweza kuhitimu ngazi ya msingi kwa mafunzo ya miezi michache, kisha hufanya mtihani. Mhudumu wa ngazi hiyo huruhusiwa kutoa oksijeni, kukandamiza kifua moyo unaposimama, kutumia mashine ya kushtua moyo, kuzuia damu, kufunga mfupa uliovunjika ili usitikisike, na kumsaidia mama anayejifungua njiani. Hapasui mtu, hamwandikii mtu dawa, wala haahidi kwamba mgonjwa atapona. Kujua mipaka yako ni sehemu ya kazi yenyewe.

2. Kubeba ni jambo moja, kuhudumia ni jingine

Wazee wetu hawakumwacha mgonjwa alale peke yake. Kule Burundi na Rwanda alibebwa katika ingobyi, na kule Congo katika kipoyi. Majirani walipokezana mabegani, mlima hata mlima, mpaka zahanati. Katika Kinyarwanda gari la wagonjwa huitwa imbangukiragutabara, yaani kile kinachokimbilia kuokoa. Desturi hii ya kubebana ni njema na tusiiache. Lakini haitoshi, kwa sababu mgonjwa anaweza kufa mabegani mwa watu wanaompenda wakiwa wanakimbia.

Tuchukue mfano unaotokea mara nyingi. Kijana ameanguka na kupoteza fahamu. Watu wanamkalisha juu ya pikipiki, katikati ya dereva na ndugu yake, na dereva anaondoka mbio. Kichwa cha kijana kinainama mbele. Ulimi wake hauna nguvu tena, unaziba koo. Ubongo ukikosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu. Pikipiki imefika haraka, lakini hewa haikufika. Kama angelazwa ubavu na njia ya hewa ikaachwa wazi, angekuwa na nafasi kubwa zaidi ya kuishi, hata kama gari lingechelewa kidogo.

Tusidhani kwamba kosa hili ni la watu maskini tu. Marekani yenyewe ilikuwa hivyo hadi miaka ya 1960. Mwaka 1966 Chuo cha Taifa cha Sayansi cha nchi hiyo kilitoa taarifa iliyoeleza kwamba ajali zilikuwa zimeua watu 107,000 katika mwaka 1965. Taarifa hiyo ilisema pia kwamba karibu nusu ya huduma za kubeba wagonjwa zilifanywa na wenye biashara ya mazishi, kwa sababu magari yao yalikuwa marefu na mtu aliweza kulazwa ndani. Mahali pengine polisi ndio waliobeba. Mgonjwa alitupwa nyuma ya gari bila mtu wa kumwangalia, na safari ikaanza.

3. Waliobadilisha hali hiyo

Katika jiji la Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, kulikuwa na mtaa wa watu weusi ulioitwa Hill District. Wakazi wake wengi walikuwa maskini, na gari la polisi lilichelewa kufika kwao au halikufika kabisa. Mwaka 1967 kilianzishwa chombo kilichoitwa Freedom House Ambulance Service. Kilichukua wakazi wa mtaa huo huo. Baadhi yao hawakuwa na kazi, na baadhi hawakumaliza shule ya sekondari. Watu wengi waliwaona kama wasiofaa kuajiriwa.

Aliyepanga mafunzo yao alikuwa Dk. Peter Safar, mzaliwa wa Vienna nchini Austria, aliyehamia Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili. Yeye ni mmoja wa waliothibitisha, katika miaka ya 1950, kwamba pumzi ya mdomo kwa mdomo huweza kumrudisha mtu aliyeacha kupumua. Wanafunzi wake walisoma kwa saa 300 hivi: mwili wa binadamu, njia ya hewa, moyo, damu, na uendeshaji salama. Walijifunza pia hospitalini, wakiwa pamoja na madaktari. Mwaka 1968 waliingia barabarani, na wamo miongoni mwa wa kwanza Marekani kutoa ndani ya gari huduma ambazo zamani zilitolewa hospitalini tu.

Baadaye Dk. Nancy Caroline aliwasimamia na kuendeleza mafunzo yao. Kutokana na kazi hiyo aliandaa mtaala uliotumika kufundishia wahudumu wa dharura nchini kote. Daktari huyu hakuishia huko. Katika miaka ya 1980 alikuja Nairobi kufanya kazi na shirika la AMREF, linalojulikana kwa madaktari wake wa ndege.

Mwisho wa Freedom House haukuwa wa haki. Mwaka 1975 jiji lilianzisha huduma yake lenyewe na chombo kile kikafungwa. Wengi wa wale wakazi hawakudumu katika huduma mpya. Lakini walichokithibitisha hakikufutika: mtu wa kawaida, asiye na shahada, akifundishwa vizuri na kusimamiwa, anaweza kumweka mgonjwa hai mpaka amfikie daktari.

4. Hatua tano za mhudumu

Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu walitoa kozi ya huduma za msingi za dharura. Kabla ya hapo ilijaribiwa Uganda, Tanzania na Zambia. Kozi hiyo inafuata mpangilio ule ule wanaoufuata wahudumu wa dharura duniani kote.

Kwanza kabisa mhudumu hutazama usalama: moto, waya wa umeme, magari, watu wenye hasira. Huvaa glavu. Asipojilinda, watakuwa wagonjwa wawili badala ya mmoja. Kama damu inaruka au kumiminika kwa nguvu, huizuia hapo hapo. Kisha hufuata hatua hizi kwa mpangilio, bila kuruka hata moja:

Njia ya hewa. Je, anaongea? Anayeongea vizuri njia yake iko wazi. Asiyeongea hufunguliwa mdomo na kuondolewa kile kinachoonekana. Kichwa hulazwa nyuma taratibu na kidevu huinuliwa. Kama ameumia shingo, kichwa hakilazwi nyuma, bali taya husukumwa mbele.

Pumzi. Mhudumu hutazama kifua, husikiliza, na huhesabu. Mtu mzima aliyetulia hupumua takriban mara 12 hadi 20 kwa dakika.

Damu na mzunguko wake. Hutafuta mahali pa kutokea damu na kushika mapigo. Ngozi ya baridi yenye jasho, mapigo ya mbio na mgonjwa kuchanganyikiwa ni dalili kwamba damu haifiki inakotakiwa. Damu inaweza pia kutoka ndani ya tumbo bila kuonekana.

Fahamu. Je, yuko macho? Anaitika sauti? Anaitika akiguswa kwa kuumizwa kidogo? Au haitiki kabisa?

Mwili mzima. Hufunua nguo ili jeraha lisijifiche, kisha humfunika haraka asipate baridi. Heshima ya mgonjwa hulindwa, hasa mama akiwa mbele ya watu.

Akimaliza hatua ya tano, hurudia ya kwanza. Hali ya mgonjwa hubadilika, na aliyekuwa akiongea wakati wa kuondoka anaweza kunyamaza katikati ya safari.

5. Dakika zilizo mikononi mwako

Mhudumu hawezi kufika kabla ya kuitwa, na barabara za kambini tunazijua wakati wa mvua. Kwa hiyo dakika za kwanza ni za jirani. Tuma mtu mmoja aite gari, na mwingine asimame barabarani alielekeze. Wewe baki na mgonjwa.

- Amepoteza fahamu lakini anapumua: mlaze ubavu, mdomo ukielekea chini kidogo ili matapishi yatoke. Usimpe maji wala chakula.
- Haitiki na hapumui kama kawaida: weka mikono katikati ya kifua ukandamize kwa nguvu na haraka, sentimita 5 hadi 6 kwa mtu mzima, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Pokezaneni mkichoka.
- Anatoka damu: weka kitambaa safi ukandamize moja kwa moja juu ya jeraha, bila kuachia ili kuchungulia. Vaa glavu au mfuko wa plastiki mikononi.
- Mama anatoka damu nyingi baada ya kujifungua: ita gari mara moja, usisubiri asubuhi. Mlaze, mfunike, na mtoto awekwe kwenye titi. Chukua nguo zilizoloa ili mhudumu aone kiasi cha damu.
- Mjamzito amelegea au amezimia: mlaze ubavu wa kushoto.
- Ana degedege au kifafa: ondoa vitu vigumu karibu naye. Usimshike kwa nguvu, usitie kijiko mdomoni. Ikitulia, mlaze ubavu. Ikizidi dakika 5, au akishikwa tena kabla hajapata fahamu, ni dharura. Mtoto mdogo apelekwe kituoni kwa vyovyote.
- Ameungua: mwagia maji safi ya baridi, yasiyo barafu, kwa dakika 20. Usipake majivu, dawa ya meno wala mafuta.
- Ameanguka kutoka juu au amegongwa: msimwinue kwa mikono na miguu. Msubiri machela, isipokuwa kama mahali penyewe pana hatari. Mkilazimika kumsogeza, kichwa, shingo na mgongo viende pamoja kama gogo moja.

Pikipiki inaweza kumsaidia mgonjwa aliye macho na anayeweza kujishikilia. Mtu asiye na fahamu, au anayedhaniwa kuumia mgongo, asikalishwe juu yake.

6. Kukabidhi mgonjwa

Kazi ya mhudumu haiishi mlangoni pa kituo. Lazima amkabidhi mgonjwa kwa maneno machache yaliyo wazi. Nawe, uliyekuwepo mwanzoni, ndiwe unayejua zaidi. Jiandae kujibu:

1. Alilalamika nini, na tangu saa ngapi?
2. Kuna dawa au chakula kinachomdhuru?
3. Anatumia dawa gani, za hospitali au za kienyeji?
4. Ana ugonjwa wa zamani? Kama ni mwanamke, ana mimba?
5. Alikula au kunywa lini mara ya mwisho?
6. Alikuwa akifanya nini ilipotokea?

Usifiche dawa ya kienyeji kwa kuona haya. Hakuna atakayekugombeza, na jibu lako linaweza kumwokoa.

7. Uzito wa kazi yenyewe

Tunawaambia ukweli vijana wanaotamani kazi hii. Ni kazi ya usiku, ya matope, ya kuinua watu wazito kwa nguvu za magoti na si za mgongo. Kila zamu huanza kwa ukaguzi: mafuta, matairi, taa, oksijeni, glavu, machela. Mtungi wa oksijeni ukikutwa mtupu njiani, hauna msaada tena.

Ni kazi ya siri. Unaingia nyumbani mwa watu saa ambazo hata jirani haruhusiwi kuingia. Ulichokiona hakisimuliwi kisimani wala sokoni. Unamhudumia kila mtu sawa, awe wa kabila lako au la wale uliowakimbia. Mgonjwa mwenye akili timamu huombwa ruhusa kabla ya kuguswa.

Tena wengine hufa ingawa kila hatua imefuatwa. Mhudumu aliyepoteza mtoto mikononi anahitaji mwenzake wa kuzungumza naye, na kupumzika. Hilo si udhaifu. Anayezuia machozi mwaka mzima mwisho huacha kazi au huacha kujali.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini mtu asiye na fahamu asikalishwe juu ya pikipiki?
2. Taja hatua tano za mhudumu kwa mpangilio wake.
3. Jirani yako ameungua na mafuta ya kupikia. Utafanya nini, na utakataa kufanya nini?
4. Katika mtaa wenu, nani ana machela, nani ana simu, na nani atasimama barabarani usiku?

Swali la nne halina jibu katika karatasi hii. Likalisheni kikao wiki hii pamoja na kiongozi wa mtaa na mhudumu wa afya wa jamii, na majina mliyokubaliana yaandikwe mahali ambapo kila mtu atayaona. Anayetaka kufundishwa kukandamiza kifua na kulaza ubavu kwa vitendo amwone mhudumu wa afya wa mtaa wake, kwa maana mikono hujifunza kwa kufanya.