Panda Juu Kwanza, Ndipo Umwite Fundi

Una duka Boko Magengeni, Dar es Salaam, na nyumba yako iko kilomita moja upande wa Basihaya. Intaneti ya dukani waitaka na nyumbani. Ikiwa mkataba wako na mtoa huduma unaruhusu, vidishi viwili vinavyotazamana vitaifikisha.

Vidishi hivyo hutumia maikrowevu, yaani mawimbi ya redio yenye urefu mfupi sana. Ya gigahezi 5.8 yana sentimita tano tu, kama upana wa vidole vitatu. Ndiyo, ni ndugu wa yale yanayopasha wali jikoni, ila haya nguvu yake ni ndogo mno.

Kwa nini vitazamane? Kwa sababu mawimbi haya hunyooka kama mwanga wa tochi. Mwaka 1931 wahandisi waliyavusha kati ya Dover, Uingereza, na Calais, Ufaransa, kwa madishi ya kipenyo cha mita tatu hivi. Wao katikati walikuwa na bahari tupu. Wewe una miembe, minazi na ghorofa la jirani.

Basi azima ngazi, upande juu ya paa siku kavu. Hatua hii haina gharama nyingine. Mwenzako asimame juu ya duka na kioo, akurushie mwanga wa jua. Ukiuona mmweko, njia ipo. Lakini bado usifurahi: mawimbi hutanuka katikati ya safari, mfano wa papai. Kwa kilomita moja, pale katikati pawe na mita mbili na robo za uwazi kila upande. Na mwembe haukai kimo kimoja! Majani yakilowa hunyonya mawimbi zaidi, kwa hiyo mtambo uliopenyezwa mitini husumbua masika.

Njia ikizibwa, inua nguzo, au omba paa la jirani mpitie kwake, mkipatana mapema nani analipa umeme.

Kabla ya kununua, fika Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA), Mawasiliano Towers, Barabara ya Sam Nujoma. Uliza kama kifaa na masafa yake vinaruhusiwa, na kama kuna ada. Fundi naye akuandikie bei ya vifaa, ya nguzo na ya kazi, kila moja peke yake. Nguzo ikae mbali na nyaya za umeme za TANESCO, iwe na waya wa kushusha radi ardhini. Salio la malipo ya fundi mpe baada ya mvua kubwa ya kwanza.