Mti, Mstari na Imani: Somo kwa Anayependa Kuchora



Nikiwa mtoto wa madrasa Muyinga nilipenda kuchora ndege na ng'ombe. Siku niliyosikia onyo la Mtume (s.a.w.) kuhusu wachoraji, nilichana daftari langu. Nilidhani mlango wote umefungwa.

Nilipofika Gitega kusoma ndipo nikajua kwamba sikusikiliza somo hadi mwisho. Katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, mtu aliyeishi kwa kuchora alimwendea Ibn Abbas (r.a.). Alipomwona amefadhaika, alimwelekeza achore miti na visivyo na roho. Basi mlango upo.

Lakini mti unachorwaje? Si lazima jani kwa jani.

Mtazame Ibrahim El-Salahi, mchoraji wa Sudan aliyezaliwa Omdurman mwaka 1930. Kalamu aliizoea tangu utotoni, katika shule ya Kurani ya baba yake. Mwaka 1975 alifungwa gerezani miezi sita. Mti anaourudia katika kazi zake ni haraza, unaoota kando ya Nile. Mvua inaponyesha, haraza hupukutisha majani. Ukame ukija, hubaki kijani. El-Salahi aliugeuza kuwa mistari iliyosimama na vipande vya rangi vyenye pembe. Majani yametoweka, uthabiti wa mti umebaki. Mwaka 2013 kazi zake zilionyeshwa Tate Modern, London.

Nasi si wageni wa jambo hili. Ingia Makumbusho ya Taifa hapa Gitega, yaliyoanzishwa mwaka 1955, uvitazame vikapu vya mama zetu: pembetatu na mistari ya mshazari inayozunguka bila kupotea hesabu.

Ndugu msomaji, jaribu hivi:

1. Chukua jani la mgomba, ulitazame kwa dakika kumi bila kuchora.
2. Chora mshipa wa kati, kisha ile midogo inayokwenda sambamba.
3. Ondoa kila kisichohitajika. Ukiondoa kitu na jani likapotea, kirudishe.

Hatua ya tatu ndiyo ngumu, na ndiyo somo lenyewe. Kurahisisha si kuikimbia asili, ni kuutafuta mpangilio aliouweka Muumba. Suratul-Mulk inatuamuru turudishe macho tena na tena, tuone kama kuna kasoro.

Mimi nimenunua daftari jipya. Wallahu a'lam.