KUPIGA SHABAHA KWA BASTOLA: KARATASI HUMWAMBIA MWANAFUNZI KOSA LAKE

Mtu ajifunzaye kupiga shabaha kwa bastola mara nyingi hustaajabu siku ya kwanza. Bastola ni fupi, nayo ni nyepesi kuliko bunduki, na karatasi ya shabaha iko mita 25 tu mbele yake. Kwa hiyo hudhani kazi ni rahisi. Lakini akiisha kupiga risasi kumi na kwenda kuitazama karatasi, hukuta matundu yametawanyika huku na huku, na pengine risasi nyingine hazikuigusa kabisa. Hapo wengi huilaumu silaha. Wahenga walinena kwamba mbaazi ikikosa maua husingizia jua. Ni kweli kwamba bastola mbovu zipo, lakini wapigaji wanaozisingizia ni wengi zaidi. Iko njia ya kujua kosa liko wapi, na njia hiyo haihitaji mali nyingi, ila subira.

Kwanza usalama

Nchini Kenya, Sheria ya Silaha, Sura ya 114, hairuhusu mtu kuwa na bastola bila cheti. Basi mafunzo haya ni ya uwanja wa shabaha uliokubaliwa, chini ya macho ya mwalimu. Mtutu huelekezwa kwenye shabaha wakati wote. Kidole hakiingii kwenye kifyatulio mpaka mpigaji amekwisha kuinua silaha na kulenga. Kila bastola huhesabiwa kuwa ina risasi, hata kama mwenyewe ameitoa sasa hivi. Ufupi wa bastola ndio hatari yake: mkono ukigeuka kidogo tu, mtutu hutazama watu.

Jino na pengo

Juu ya bastola, mbele, kimesimama kijino kidogo. Nyuma kuna kibao chenye pengo. Mpigaji hutazama kijino kupitia katika pengo. Kilele cha kijino kiwe sawa na kingo za pengo, na mwanga wa kushoto na wa kulia uwe sawa.

Tuseme kijino na pengo vimeachana milimita 160. Ikiwa mkono mzima umesogea upande kwa milimita 1, bila mtutu kuinama wala kugeuka, risasi nayo itasogea milimita 1. Hilo si neno. Lakini kijino kikitoka katikati ya pengo kwa milimita 1 ile ile, risasi itakosa kwa zaidi ya sentimita 15 ikifika mita 25. Katika karatasi ya mashindano ya kimataifa ya mita 25, duara la alama 10 lina upana wa milimita 50, na sehemu nyeusi yote ina upana wa milimita 200. Hivyo risasi iliyolengwa katikati itaangukia nje ya weusi kabisa.

Basi ndiyo sababu walimu husisitiza kwamba jicho likikazie kijino, wala si karatasi. Jicho la mwanadamu haliwezi kuona vizuri kitu cha karibu na cha mbali kwa wakati mmoja. Mwanafunzi akiona karatasi ina ukungu kidogo na kijino ni dhahiri, ajue anatazama ipasavyo. Wala asihangaike kwa kuwa mkono unatikisika. Hakuna mkono usiotikisika, na mtikisiko mdogo hudhuru kidogo kuliko kijino kilichopotoka.

Kusoma karatasi

Risasi moja haifundishi kitu. Mwanafunzi apige tano, zote akilenga mahali pamoja, bila kurekebisha chochote katikati, kisha atazame zimekusanyika namna gani.

Zikiwa zimekusanyika pamoja lakini si katikati, huenda silaha ndiyo inayohitaji kurekebishwa. Mwalimu au mpigaji mzoefu aipige bastola hiyo hiyo mara tano. Naye akipiga mahali pale pale, kibao cha nyuma na kisogezwe upande ule ambao risasi zinatakiwa kwenda. Lakini risasi zake zikipiga katikati, basi bastola haina kosa. Aliye na kosa ni mwanafunzi.

Zikiwa zimetawanyika pande zote, mara nyingi jicho linarukaruka baina ya kijino na karatasi, au mkono unashika kishikio kwa namna mpya kila mara. Zikiwa zimejipanga kama ngazi, kutoka juu hadi chini, huenda mtu anapumua huku akifyatua, au kilele cha kijino hakisimami sawa na kingo za pengo. Kwa mtu atumiaye mkono wa kulia, risasi zikienda kushoto bila kushuka, aghlabu kidole kinasukuma kifyatulio upande badala ya kukivuta nyuma moja kwa moja. Zikienda chini upande wa kushoto, amekivuta kwa ghafula na kuukaza mkono wote. Kwa atumiaye mkono wa kushoto, pande hizo hugeuka.

Ishara hizi si hukumu; ni dalili tu, kama joto la mwili kwa mganga. Dalili moja yaweza kuwa na sababu mbili, hivyo yapasa kupima.

Jaribio la risasi bandia

Ugonjwa mkubwa wa wanafunzi ni kushtuka kabla ya mlio. Mwili hujua kwamba kelele na teke la bastola vinakuja, ukajikaza mapema na kuusukuma mtutu chini. Mwenyewe hatambui, kwa sababu mlio hufunika kila kitu.

Dawa ya kumwonyesha ni hii. Mwalimu huchanganya risasi za kweli na risasi bandia zisizo na baruti, akaijaza bastola bila mwanafunzi kuona mpangilio. Mwanafunzi hulenga na kufyatua kama kawaida. Ikifika zamu ya risasi bandia, hakuna mlio wala teke. Lakini kama mtutu umeinama ghafula, wote wawili wameona. Siku hiyo mabishano juu ya silaha mbovu hukoma.

Mazoezi ya kujirekebisha

Kwanza, aanze na bastola ndogo ya milimita 5.6, ambayo teke lake ni dogo, na avae vizibo vya masikio na miwani ya kukinga macho.

Pili, ashike kishikio mahali pa juu, kwa nguvu ile ile kila mara, na aweke nyama ya ncha ya kidole juu ya kifyatulio. Avute polepole, nguvu ikiongezeka kidogo kidogo, hata mlio umjie bila kuutazamia.

Tatu, avute pumzi, aitoe kiasi, asimame kidogo, kisha afyatue. Sekunde kumi zikipita bila kufyatua, ashushe silaha na kupumzika. Jicho na mkono vilivyochoka havina shabaha.

Nne, baada ya mlio aendelee kutazama kijino kwa muda mfupi, na kabla ya kwenda kwenye karatasi aseme risasi imepiga wapi. Akianza kusema kweli, amekwisha kujifunza mengi.

Tano, afanye mazoezi bila risasi, akiwa amekagua mara mbili kwamba chemba ni tupu na risasi ziko chumba kingine. Katika bastola nyingi ndogo za milimita 5.6 hufaa kuweka ganda lililokwisha kutumika, ili pini isigonge chuma na kuharibika.

Mfano wa Károly Takács

Asemaye kwamba mkono wake haufai na amkumbuke Károly Takács wa Hungaria. Mwaka 1938, alipokuwa mwanajeshi, bomu la mkono lililipuka na kuuharibu mkono wake wa kulia, ule aliopigia shabaha. Hakuiacha bastola, bali alianza upya kwa mkono wa kushoto. Katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1948 alipata medali ya dhahabu kwa bastola ya kupiga haraka mita 25, na mwaka 1952 huko Helsinki akaipata tena.

Mwanafunzi basi na atunze kila karatasi, aiandike tarehe, na kila juma achague kosa moja tu la kurekebisha. Abadilishaye mkono, jicho na pumzi kwa siku moja hatajua ni lipi lililomsaidia. Mwanzo kokochi, mwisho nazi: matundu yaliyotawanyika leo yatasogeleana kidogo kidogo, na karatasi yenyewe itashuhudia.