Hina, Mbaazi na Maji ya Bamvua: Somo la Sikukuu kwa Kila Nyumba

Katika Kaunti ya Mombasa, sikukuu haihitaji gharama kubwa. Siku mbili kabla ya Idd, wasichana hupakwa hina. Asubuhi ya sikukuu, jikoni hunukia iliki na tui la nazi. Alasiri, familia huvaa zikapendeza na kwenda kutembea Mama Ngina, Fort Jesus au ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta. Starehe hizi si za Waislamu peke yao. Jirani Mkristo huletewa sahani ya mbaazi, na binti yake naye huchorwa maua mkononi.

Kila moja ya starehe hizi ina elimu yake. Elimu hiyo ikikosekana, mtoto aliyeamka na furaha anaweza kulala hospitalini, au asirudi kabisa kutoka baharini. Somo hili linaeleza mambo matatu ambayo kila nyumba inapaswa kuyajua kabla mwezi haujaandama.

1. Hina ya kweli haiwi nyeusi

Hina ni majani ya mhina yaliyokaushwa na kusagwa. Ndani ya majani hayo mna rangi ambayo hushikamana na ngozi ya juu. Unga hukandwa kwa maji ya ndimu, kwa sababu ukali wa ndimu huifungua rangi hiyo. Sukari kidogo huongezwa ili hina isipukutike inapokauka. Baadhi ya wachoraji hutia mafuta ya mkaratusi au ya karafuu ili rangi ikolee.

Hina hutaka subira. Huachwa mkononi saa nne hadi nane, kisha hukwanguliwa, wala haioshwi kwa maji papo hapo. Rangi ya kwanza ni ya machungwa. Katika siku moja au mbili zinazofuata, hukolea na kuwa ya kahawia au ya damu ya mzee. Ndiyo sababu wanaojua hupaka siku mbili kabla ya Idd. Kiganja na unyayo hukolea zaidi kwa kuwa ngozi yake ni nene.

Kinacholeta madhara ni piko, yaani rangi nyeusi ya nywele inayochorwa kwenye ngozi. Wengi huipenda kwa sababu hukolea haraka na maua yake huonekana vizuri. Lakini rangi hiyo kwa kawaida huwa na kemikali iitwayo parafenilinidayamini, ambayo haikutengenezewa kupakwa moja kwa moja kwenye ngozi. Humfanya mtu awashwe, avimbe na kutoka malengelenge yanayofuata mistari ya ua lenyewe. Madhara yanaweza kuonekana siku hiyo hiyo au baada ya wiki nzima, wakati sikukuu imekwisha na hakuna anayekumbuka piko.

Madhara hayo hayaishii kwenye kovu. Mwili ukishaikataa kemikali hii, unaweza kuikataa maisha yote. Msichana aliyechorwa piko akiwa na miaka tisa anaweza kuvimba uso vibaya atakapopaka rangi ya nywele akiwa mama wa watoto.

Dalili za kutambua ni rahisi. Rangi inayokuwa nyeusi tititi katika muda wa saa moja si hina. Koni iliyokaa dukani miezi mingi bila barafu haiwezi kuwa hina tupu, kwani hina iliyokandwa huharibika baada ya siku chache. Muulize mchoraji ametia nini. Asipotaka kujibu, ondoka.

Watoto wachanga wasipakwe hata hina halisi. Wapo wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, hali inayopatikana zaidi katika sehemu zenye malaria kama Pwani. Kwa watoto hao hina inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu, na wazazi wengi hawajui kama mtoto wao ni mmoja wao.

Mtu akianza kuwashwa baada ya kuchorwa, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji mengi, asitumbue malengelenge, na aende kituo cha afya. Akivimba uso au akishindwa kupumua, hiyo ni dharura. Apelekwe hospitali mara moja.

2. Tui halipendi moto mkali wala kungoja

Mbaazi na mahamri ni chakula cha asubuhi kinachojulikana Mombasa nzima. Mbaazi kavu hulowekwa usiku kucha na kuchemshwa mpaka zilainike. Nazi hukunwa kwa mbuzi, kisha hukamuliwa. Tui zito hutengwa, na machicha hukamuliwa tena kupata tui jepesi. Tui jepesi ndilo linaloingia chunguni kwanza, pamoja na kitunguu, pilipili na chumvi. Tui zito huja mwisho, kwa moto mdogo, na mwiko usitoke chunguni. Moto ukiwa mkali, tui hukatika: mafuta huelea juu na maji hubaki chini.

Mahamri nayo yana siri yake. Hamira ni kiumbe hai. Tui la kukandia likiwa la moto sana hamira hufa, na unga hauumuki. Likiwa vuguvugu, hamira hufanya kazi. Mafuta ya kukaangia yawe yamepata moto vizuri. Hapo maji yaliyo ndani ya donge hugeuka mvuke kwa ghafla, na hamri huvimba likawa na uwazi katikati.

Hatari huja baada ya kupika. Siku ya Idd wageni huingia na kutoka, na sufuria hukaa mezani toka asubuhi hadi usiku. Chakula cha nazi huchacha upesi katika joto letu. Kanuni ni hii: chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa mbili, na siku ya joto kali, zaidi ya digrii 32, kisizidi saa moja. Pakua kidogo kidogo, na kilichobaki kiwekwe kwenye friji katika vyombo vifupi ili kipoe haraka. Asiye na friji apike kinachotosha mlo mmoja, au awagawie majirani kingali cha moto.

Wali na pilau vinahitaji uangalifu zaidi. Katika mchele mna vijidudu ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa. Wali ukiachwa nje usiku, mbegu hizo huamka na kutoa sumu. Kuupasha moto asubuhi hakuiondoi sumu hiyo. Kwa hiyo wali uliolala mezani usipashwe moto. Utupwe.

3. Bahari ya Idd si bahari ya kila siku

Matembezi ya sikukuu yana pa kwenda pengi. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka wa 1593, iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia mwaka wa 2011. Haller Park huko Bamburi ilikuwa shimo la mawe ya saruji kabla ya mivinje kuanza kupandwa mwaka wa 1971. Leo ni msitu wenye wanyama. Mama Ngina kuna mibuyu, upepo na meli zinazopita mlango wa Kilindini, na mtu akiwa na shilingi chache hupata mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, au dafu.

Lakini wengi huenda ufuoni, na hapa kuna jambo ambalo wavuvi wanalijua na wageni wa bahari hawalijui. Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huwa ni bamvua: maji hutoka mbali sana, kisha hurudi na kujaa sana. Katikati ya vipindi hivyo huwa maji mafu.

Idd-ul-Fitr huangukia Mfunguo Mosi, mwezi ukiwa umetoka kuandama. Maana yake ni kwamba kila Idd-ul-Fitr huja na bamvua. Idd-ul-Adha, tarehe 10 Mfunguo Tatu, huwa karibu na maji mafu.

Siku za bamvua hapa Mombasa, maji kwa kawaida huwa yamekupwa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa kati ya saa kumi na saa kumi na moja jioni. Tofauti kati ya kupwa na kujaa hupita mita 3. Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza hupanda polepole. Katika saa ya tatu na ya nne huingia karibu nusu ya maji yote, kiasi cha kumfikia mtu mzima kifuani.

Hapo ndipo mitego miwili ilipo. Anayetembea asubuhi hadi mwambani huona mchanga mkavu kila upande, lakini mabonde yaliyo nyuma yake, kati ya mwamba na ufuo, hujaa kwanza. Arudi mara tu maji yanapogeuka. Mtego wa pili ni wa alasiri: umati hufika ufuoni saa tisa na saa kumi, wakati bahari iko karibu na kilele chake. Mahali ambapo jana mtoto alisimama, leo panamfunika.

Familia iteue mtu mzima mmoja wa kuwatazama watoto tu, bila simu mkononi, na wapokezane. Mpira wa gari usihesabiwe kuwa kinga, kwani upepo unaweza kuusukuma mbali na ufuo. Mtu akizama, asiyejua kuogelea asimfuate majini. Amrushie kamba, au jerikeni tupu lililofungwa kifuniko, huku mwenzake akiita waokoaji na kupiga 999 au 112.

Maswali ya kujadili nyumbani

1. Kwa nini hina hupakwa siku mbili kabla ya Idd, na ni dalili gani zinazoonyesha kwamba koni ina piko?
2. Kwa nini wali uliolala nje hauokolewi kwa kupashwa moto?
3. Ikiwa leo maji yamejaa saa kumi jioni, kesho yatajaa saa ngapi?

Jibu la swali la tatu ni karibu saa kumi na dakika 50. Mtoto anayeweza kulipiga hesabu hilo mwenyewe anaweza pia kuwaambia wenzake wakati wa kutoka majini.