Mtoto Njiti Wodini: Kijitabu cha Kaya za Itaka na Mkoa wa Songwe

Mtoto njiti na sababu za kuzaliwa mapema

Mtoto njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla mimba haijatimiza wiki 37. Mimba hukomaa inapofika wiki 40 hivi, na kila wiki inayokosekana huongeza kazi ya kumlea. Mtoto wa wiki ya 35 mara nyingi huhitaji joto na msaada wa kunyonya tu. Wa wiki ya 30 huhitaji pia msaada wa kupumua, na aliyezaliwa kabla ya wiki ya 28 ndiye aliye katika hatari kubwa kuliko wote. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2020 watoto milioni 13.4 walizaliwa njiti duniani, yaani karibu mmoja kwa kila watoto 10.

Sababu ni nyingi: malaria, maambukizi ya njia ya mkojo au ya uzazi, shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kuishia kifafa cha mimba, upungufu wa damu, mimba ya mapacha, mimba za kufuatana bila kupumzika, na mimba ya binti ambaye mwili wake haujakomaa. Mara nyingine sababu haijulikani kabisa. Mtoto njiti si adhabu, si mkosi wa ukoo wala si ushahidi wa mwenendo wa mama. Familia inayotumia siku za kwanza kutafuta wa kulaumiwa humpotezea mtoto muda, na humwongezea mzigo mtu ambaye maziwa yake ndiyo yanayosubiriwa.

Kutoka Itaka hadi wodini

Itaka ni kata ya Wilaya ya Mbozi. Uchungu ukianza kabla ya wakati, chupa ikipasuka au damu ikitoka, safari ya kwanza ni ya zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Kutoka hapo mama huweza kupewa rufaa ya hospitali ya mkoa iliyopo Vwawa, na mtoto akizidiwa, ya Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, ambayo kitengo chake cha wazazi kipo Meta, jijini Mbeya. Usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga huombwa bila malipo kwa kupiga 115, namba ya mfumo wa m-mama.

Kuwahi kuna faida kubwa. Mama anayeelekea kujifungua mapema anaweza kuchomwa hospitalini sindano za deksamethasoni, ambazo hukomaza mapafu ya mtoto akiwa bado tumboni. Aliyeshindwa kuwahi akajifungulia nyumbani au njiani humkausha mtoto, humvika kofia, kisha humweka kifuani ngozi kwa ngozi na kujifunika naye kwa kitenge na blanketi mpaka wafike. Katika nyanda za Mbozi, hasa miezi ya Juni na Julai, baridi ya alfajiri inaweza kumdhuru mtoto wa kilo moja na nusu kabla gari halijafika barabara ya lami.

Kwa nini anakaa muda mrefu

Mtoto aliyezaliwa wiki ya 34 anaweza kuruhusiwa baada ya siku chache au wiki mbili. Aliyezaliwa wiki ya 28 anaweza kukaa miezi miwili au zaidi. Anachosubiri ni viungo vyake vikamilishe kazi ambayo ingekamilikia tumboni.

Mapafu yake hushikamana kila anapotoa pumzi, kwa hiyo baadhi ya watoto huwekewa oksijeni au mashine inayosukuma hewa kwa shinikizo dogo kupitia puani. Ubongo wake husahau kupumua; pumzi inaweza kukatika kwa sekunde 20 au zaidi, na kafeini ya hospitali hutolewa ili kumkumbusha. Ini halijaweza kuondoa rangi ya njano mwilini, kwa hiyo huwekwa chini ya taa za bluu, macho yakiwa yamefunikwa. Utumbo ni mwepesi kuumia, ndiyo sababu maziwa huanza kwa matone. Mishipa ya macho nayo haijakomaa na inaweza kuharibiwa na oksijeni iliyozidi. Watoto waliozaliwa kabla ya wiki ya 32 au wakiwa chini ya kilo moja na nusu wanapaswa kupimwa macho na mtaalamu wanapotimiza takriban mwezi mmoja.

Uzito hupungua katika siku za kwanza. Kupoteza hadi sehemu moja ya kumi ya uzito wa kuzaliwa ni jambo la kawaida, na wengi huurudia uzito huo wanapofikisha wiki mbili. Baada ya hapo mtoto anayeendelea vizuri huongezeka takriban gramu 15 kwa siku kwa kila kilo aliyo nayo. Mzazi anayefahamu hesabu hii hashtuki sana siku ya tatu, na hujua kuuliza iwapo mizani haijapanda kwa siku kadhaa za wiki ya tatu.

Maendeleo ya mtoto njiti hayaendi kwa mstari ulionyooka. Mtoto aliyetolewa oksijeni Jumatatu anaweza kuirudia Alhamisi. Ni vyema mzazi awepo daktari anapopita wodini asubuhi, aulize mambo matatu: mtoto anaendeleaje tangu jana, nini kitabadilishwa leo, na yeye mwenyewe afanye nini. Kwa mtoto njiti mzazi hahesabiwi kama mgeni wa wodi. Joto lake na maziwa yake ni sehemu ya matibabu.

Joto: kumbeba kifuani

Joto la mtoto linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, na akipoa hutumia nguvu zake zote kujipasha, akaacha kukua. Njia bora ya kulinda joto hilo ni mtindo wa kangaruu, yaani kumbeba mtoto kifuani ngozi kwa ngozi, ulioanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, wakati madaktari Edgar Rey Sanabria na Héctor Martínez walipokabiliwa na wodi iliyofurika watoto na mashine za joto zisizotosha.

Kwa miaka mingi mtoto alianza kubebwa baada ya hali yake kutulia. Utafiti uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ambako Hospitali ya Taifa Muhimbili ilishiriki, ulichapishwa mwaka 2021 na kubadili mwelekeo huo. Miongoni mwa watoto wa kilo 1 hadi 1.8, walioanza kubebwa mara baada ya kuzaliwa walikufa asilimia 12 ndani ya siku 28, na waliosubiri kutulia walikufa asilimia 15.7. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilielekeza kangaruu ianze mapema iwezekanavyo, kwa muda wa saa 8 hadi 24 kwa siku.

Mtoto huvikwa kofia, soksi na nepi tu. Huwekwa wima katikati ya matiti, kifua chake juu ya kifua cha mama, miguu ikiwa imekunjwa na kupanuka kama ya chura. Kichwa hugeuzwa upande mmoja na kuinuliwa kidogo ili koo lisibanwe. Kitenge hufungwa kwa nguvu kifuani na kufika chini ya sikio, kwa kulegea kidogo tumboni ili apumue. Mama hulala akiwa ameegemea mito, si chali kabisa. Mtoto mwenye mpira wa maziwa au oksijeni anaweza pia kubebwa, muuguzi akisaidia kumhamisha.

Kifua cha baba kinapasha joto vilevile, hali kadhalika cha bibi, shangazi au mama mdogo aliye mzima wa afya. Kubadilishana zamu humwezesha mama kuoga, kula na kulala, na mtoto asirudishwe kitandani akapoa.

Maziwa

Watoto wengi waliozaliwa kabla ya wiki ya 34 hawajaweza kuunganisha kunyonya, kumeza na kupumua. Hulishwa kwa mpira mwembamba unaopitishwa puani au mdomoni hadi tumboni, kisha kwa kikombe kidogo, na mwishowe titini. Chupa haipendekezwi, kwa kuwa ni ngumu kusafisha na humchanganya mtoto anayejifunza kunyonya.

Maziwa ya mama aliyejifungua mapema humfaa mtoto njiti kuliko chochote. Dang'a, yale mazito ya siku za kwanza, ndiyo kinga yake ya mwanzo. Hata yakiwa matone matano hayamwagwi. Mama huanza kukamua ndani ya saa chache baada ya kujifungua, na huendelea kila baada ya saa 2 au 3, usiku ukiwemo, angalau mara 8 kwa siku. Asiyekamua usiku hukauka mapema, kwa kuwa mwili hutengeneza maziwa kwa kadiri yanavyotolewa.

Mama hunawa mikono, hukanda titi taratibu, huweka kidole gumba juu ya chuchu na cha shahada chini yake, sentimita 3 au 4 kutoka kwenye chuchu, husukuma kuelekea kifuani, kisha hubana na kuachia. Maziwa hukingwa katika kikombe kilichooshwa na kumwagiwa maji yaliyochemka. Yakiwa nje ya jokofu hutumika ndani ya saa 4.

Maji, uji mwepesi, maji ya sukari, dawa ya mchango na mitishamba mingine havipewi mtoto njiti hata kidogo, wodini wala nyumbani. Utumbo wake unaweza kuoza sehemu na kutoboka. Mama mwenye virusi vya Ukimwi huendelea kumeza dawa zake na kumpa mtoto maziwa yake, na mtoto hupewa dawa kinga kwa kipimo cha uzito wake.

Maambukizi

Ngozi ya mtoto njiti ni nyembamba na kinga yake ni ndogo. Maji yanayotiririka na sabuni hutumika kabla ya kila kumshika, baada ya kubadili nepi na baada ya kushika simu. Mwenye mafua, kikohozi, kuhara au vipele haingii wodini, hata kama ametoka Tunduma au Itaka kwa ajili ya kumwona. Kitovu huachwa wazi na kikavu. Mafuta, majivu na unga havipakwi. Pale inaposhauriwa dawa ya kitovu, huwa ni ile iliyotolewa na mhudumu wa afya.

Mama mwenyewe

Aliyejifungua kwa upasuaji au aliyekuwa na shinikizo la damu bado ni mgonjwa. Maumivu makali ya kichwa, kuona maruweruwe, homa, damu nyingi au kidonda kinachotoa usaha huripotiwa siku hiyohiyo. Mama anayenyonyesha huhitaji mlo wa ziada: ugali kwa maharage au dagaa, viazi, ndizi, mboga za majani, parachichi, uji wa ulezi, na maji ya kutosha.

Kulia na kuogopa katika siku za kwanza ni jambo la kawaida. Huzuni inayozidi wiki mbili, kukosa usingizi hata mtoto akiwa salama, kutotaka kumwona mtoto au kuwaza kufa ni dalili za sonona, ugonjwa unaotibika, na muuguzi huelezwa. Kukaa na akina mama wengine wa wodi ya kangaruu husaidia sana, kwa sababu aliyekaa mwezi mzima humfundisha aliyefika jana.

Kaya iliyobaki nyumbani

Huduma za wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano zimesamehewa malipo katika vituo vya umma kwa mujibu wa sera ya afya, lakini nauli, chakula na simu hubaki juu ya kaya. Kukaa Vwawa au Meta wiki sita wakati wa kuvuna kahawa au kupalilia mahindi ni pigo kwa familia ya mkulima. Ni bora kikao kifanyike wiki ya kwanza: nani atalala hospitalini na kwa zamu zipi, nani atawatunza watoto waliobaki, nani ataangalia shamba, na fedha zitatoka wapi, iwe akiba, kikoba au ndugu. Baba huwa na kazi mbili, kuleta mahitaji na kubeba mtoto kifuani. Moja isisukume nyingine kando.

Kwa mwajiriwa, likizo ya uzazi ni siku 84, au 100 kwa waliojifungua mtoto zaidi ya mmoja. Marekebisho ya sheria za kazi ya mwaka 2025 humwongezea mama wa mtoto njiti muda hadi mtoto atimize wiki 40 zikihesabiwa tangu mwanzo wa mimba. Miongoni mwa waliolipigania suala hili ni Doris Mollel, ambaye mwenyewe alizaliwa njiti, na taasisi inayobeba jina lake.

Kuruhusiwa na wiki za nyumbani

Kilo pekee hazitoshi kumruhusu mtoto. Anatakiwa apumue bila msaada, ashike joto akiwa kifuani, anyonye au anywe kwa kikombe bila kuchoka, na uzito wake upande siku kadhaa mfululizo. Mama naye anatakiwa awe ameyafanya yote mwenyewe mbele ya muuguzi. Kabla ya kuondoka hupata tarehe ya kliniki, maelezo ya dawa ya madini ya chuma na vitamini, na kadi ya mtoto. Chanjo hufuata tarehe ya kuzaliwa, ila ukuaji, kama kukaa na kutambaa, hupimwa kuanzia tarehe aliyotarajiwa kuzaliwa, mpaka afikishe miaka miwili.

Nyumbani kangaruu huendelea mpaka mtoto afikie kilo 2.5 au aanze kujinyoosha na kukataa kufungwa. Jiko la kuni au mkaa halikai chumba anacholala, kwa kuwa moshi huumiza mapafu ambayo bado ni machanga. Wageni hupunguzwa, na mhudumu wa afya ngazi ya jamii hujulishwa kwamba mtoto amerudi.

Mtoto hurudishwa kituoni mara moja, akiwa amebebwa kifuani, ikiwa ataonyesha dalili yoyote kati ya hizi:

- kukataa kunyonya au kunyonya kwa unyonge kuliko jana;
- kupumua haraka, kukoroma, mbavu kubonyea au pumzi kukatika;
- midomo au ulimi kuwa wa bluu;
- joto kuzidi nyuzi 37.5, au kubaki chini ya 36.5 hata baada ya kubebwa;
- kulegea, kutoamka au kupata degedege;
- tumbo kuvimba, kutapika kijani au choo chenye damu;
- unjano kufika viganjani na nyayoni;
- kitovu kuwa chekundu, kutoa usaha au kunuka.